Siap ya Zulfan

Parulian alikuwa ameshapiga magoti shimoni, kinyago cha kuchomelea kichwani, alipomsikia Zulfan akijibu kwenye redio: "Siap, mzee!"

Hapo hapo akakivua kinyago.

Neno hilo usilichukulie kirahisi. Huko Sumatra, siap ni tayari. Mkubwa akikutuma, siap. Akikufokea, siap. Akikuuliza kama umemaliza, na wewe ndiyo kwanza unavaa viatu, siap vilevile, maana kumwambia mkubwa "bado" ni kumvunjia heshima mbele za watu. Ni tayari ya nimesikia, tayari ya nakuja, tayari ya tafadhali usinigombeze. Mara moja moja, Mungu akipenda, huwa ni tayari ya nimemaliza. Na kazi ya Zulfan asubuhi ile ilikuwa kufunga koki kubwa ya bomba la gesi, kule ng'ambo ya mto, nyuma ya mashamba ya michikichi, kisha kuiachia hewani gesi yote iliyobaki ndani. Koki ya upande huu ilishafungwa tangu alfajiri. Lakini nyumba yenye milango miwili, ukifunga mmoja hujafunga kitu. Na Parulian ndiye aliyetakiwa kulikata bomba hilo kwa moto.

Alitazama kipimo cha presha. Kioo kilikuwa kimepasuka, mshale umelala chini siku nyingi. Kipya kiko njiani, waliambiwa. Kwenye kampuni ile kila kitu kilikuwa njiani.

"Mjomba," aliita. "Zulfan amefunga?"

Jonggara Manurung, nyapara wao, alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, mikono kiunoni. "Huna masikio? Amesema siap."

"Siap nimeisikia, Mjomba. Kwamba amefunga sijasikia."

Juu watu wakaangua kicheko. "Lo! Leo fundi anaogopa moto!" alisema Manalu, mtu wa mitungi, ile miwili iliyolisha mpini wa kukatia. "Muulizeni mkewe, hata jiko la nyumbani hawashi huyu!"

Parulian hakucheka.  Ubaya ni kwamba Jonggara hakuwa nyapara tu. Alikuwa kaka wa mama yake, na tena ndiye aliyempa binti yake, Tiarma, amuoe. Na Wabatak, kabila lao, wana msemo kwamba ukoo uliokupa mke ni mungu anayeonekana kwa macho. Mtu huyo humkatizi maneno. Sembuse umbishie mbele ya vibarua!

Ni kweli, wiki iliyopita alikuja afisa usalama kutoka Jakarta na maneno matamu. Kila mmoja wenu ana haki ya kusimamisha kazi akiona hatari, hata awe mfagizi. Mmeelewa? "Siap!" waliitikia wote kwa pamoja. Wakala wali na nyama ya rendang, wakapiga picha, wakatawanyika. Haki yenyewe hakuna aliyewahi kuigusa.

Simu ya Jonggara ikalia. Aliyepiga alikuwa bosi mkubwa. Kiwanda cha mbolea kimesimama kwa kukosa gesi.

"Siap, bosi. Tunakata sasa hivi. Siap, siap." Akaitia simu mfukoni. "Umesikia? Kata."

Parulian aliinua mpini wa kukatia. Akaisogeza ncha yake mpaka karibu na bomba. Kama gesi ilikuwa bado imo ndani ya chuma kile, hatapata hata nafasi ya kupiga kelele. Wala Manalu. Wala mjomba pale ukingoni. Akaulaza mpini chini.

"Sikati, Mjomba."

Jonggara akainama ukingoni.

"Umesemaje?"

"Sikati mpaka Zulfan aseme amefunga."

"Nimekupa binti yangu," Jonggara alisema polepole, "leo unanivua nguo mbele za watu?"

"Naogopa, Mjomba. Naogopa, basi!"

"Toka."

"Mjomba, nakuomba..."

"Toka humo! Nitakata mwenyewe. Nilikuwa nakata mabomba mama yako akiwa hajaposwa."

Mzee akateremka, akampiga kikumbo, akauokota mpini na kutoa kiberiti cha cheche. Parulian akapanda juu akitambaa kwa mikono. Miguu yake ilitaka kukimbia, ikimbie moja kwa moja mpaka mwisho wa michikichi, na hakuna ambaye angemkamata. Badala yake akajitupa kwenye mitungi, akaifunga yote miwili, akaikalia, akampokonya Manalu redio.

"Nani kafunga mitungi?" Jonggara alinguruma kutoka shimoni. "Manalu! Fungua!"

Manalu akamtazama Parulian, asijue amtii nani.

"Zulfan! Parulian hapa. Koki umefunga?"

"Siap, kaka!"

"Acha siap yako! Mkono wako umeshika nini sasa hivi?"

Redio ikakwaruza.

"Zulfan! Mjomba yuko shimoni na kiberiti mkononi. Nakuuliza, umeshika nini?"

Sauti ikaja ndogo, ya mtu anayekaribia kulia. "Pikipiki, kaka. Daraja la magogo limesombwa na maji. Niko huku huku upande wenu. Bado sijafika."

Hakuna ambaye hakusikia. Manalu aliketi matopeni palepale. Kule chini Jonggara alibaki amelikodolea macho bomba, kisha akakiweka kiberiti chini taratibu, kama anayeweka yai. Parulian akampa mkono kumvuta juu. 

"Kwa nini hakusema, mpumbavu yule?"

"Angemwambia nani, Mjomba?"

Jonggara akajipangusa matope magotini. Alipumua kwa shida, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilijua. Koki iko mbali, na siap yake ilikuja upesi mno. Nilijua, mpwa wangu, na bado nikaingia shimoni."

"Sasa kwa nini uliingia?"

Simu ikalia tena. Mzee akaitoa, akaitazama, na Parulian akaona kwenye uso wa baba mkwe wake hofu ileile iliyokuwa imemkaba yeye. Hakuwahi kudhani kwamba uso ule una hofu.

"Kwa sababu ya huyu," alisema Jonggara.

"Pokea, Mjomba."

Akapokea. "Siap, bo..." Akakatisha, akameza mate. "Bado, bosi."

Bosi alianza kufoka, wote wakamsikia.  Jonggara akashika bega la mkwewe.

"Bado, bosi. Hatujakata. Koki ya ng'ambo iko wazi."  Bosi alikuwa anataka jina. Nani huyo aliyethubutu kusimamisha kazi? Atajwe, aondoke leo hii.

Jonggara akamtazama Parulian, na mkono wake ukalikaza lile bega mpaka likauma.

"Ni mimi," alisema. "Jonggara Manurung."