Meza ya Futi Kumi na Sita

Halmashauri ilimuuzia shemeji yangu kichochoro, na kichochoro hicho ndicho kilikuwa njia pekee ya kutolea kazi kwenye karakana yangu.

Mimi ni seremala. Nyumba yangu imetazama barabara, karakana iko nyuma yake, na kati ya karakana na ghala la shemeji palikuwa na njia ya futi tisa, mali ya halmashauri, tangu sijaota ndevu. Vitanda, makabati, milango, vyote vilitokea huko. Ndani ya nyumba havipiti. Korido ina upana wa futi mbili na nusu, tena ina kona. Kiti kinapita. Kabati halipiti hata ulisomee dua.

Shemeji huyo ni kaka wa mke wangu. Anauza vifaa vya ujenzi, na mtaa mzima unamwita Misumari. Siku mafundi wake walipoanza kupanga tofali mbele ya mlango wangu, nilitoka na randa mkononi.

"Shemeji, nini hiki?"

"Ukuta."

"Ukuta nauona. Unajengwa kwenye ardhi ya nani?"

"Yangu. Niliomba kuinunua, wakakaa kikao, wakapitisha. Tangazo lilibandikwa siku kumi na nne kwa mwenye pingamizi. Hukuliona?"

Sikuliona. Na ubao wa matangazo wa halmashauri niliutengeneza mimi, kwa mikono hii.

"Na mimi vitanda nitavitolea wapi?"

Akawageukia mafundi wake kwanza, ili wawe tayari kucheka. "Kata nusu, fundi. Si una msumeno?"

Wakacheka mpaka mmoja akadondosha mwiko.

Nikaenda halmashauri na vumbi langu la mbao. Afisa ardhi alifungua faili, akanionyesha muhuri. Pesa za kichochoro, akasema, zimeshaingizwa kwenye bajeti ya mitaro.

"Muda wa pingamizi umepita, mzee. Andika barua ya rufaa."

"Itajibiwa lini?"

"Baada ya kikao cha bajeti."

"Na kikao cha bajeti lini?"

"Ukumbi mpya ukikamilika. Viti vipo, vipaza sauti vipo. Tunasubiri meza tu." Akanitazama vizuri. "Kwani meza si iko kwako?"

Meza ilikuwa kwangu. Futi kumi na sita kwa futi nne, mvule mtupu, kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa. Nilikuwa nimelipwa nusu ya kwanza. Mchoro wao ulitaka iwe vipande vitatu, vifungwe kwa boliti nane, na vipande vyote vilikuwa tayari; kimoja kimoja, kwa ubavu, vingepita hata koridoni. Nilisimama mbele ya yule afisa nikiwa nimetukanwa na shemeji, nimefungiwa mlango na serikali yangu, na ghafla nikajisikia vizuri sana. Nilirudi nyumbani napiga mluzi.

Mke wangu alikuwa karakanani anapiga msasa. Kazi zangu zote yeye ndiye humalizia, msasa na vanishi, na jicho lake ni kali kuliko langu. Nikamuuliza, "Ulijua?"

Hakuuliza nini. "Aliniambia mwezi uliopita. Akaniomba ninyamaze, kwamba atakuja kukueleza mwenyewe. Ni kaka yangu, baba watoto. Tumenyonya ziwa moja."

"Na mimi ni nani? Mpangaji?"

Akaendelea na msasa.

Nikazitoa zile boliti nane, nikazitupa kwenye droo. Nikashika patasi, nikachonga ndimi na matundu ya kuzipokea, nikamimina gundi, nikabana kwa klampu, nikapigilia vigingi vya mti. Hiyo ndiyo kazi niliyofundishwa na baba. Kitu kikishafungwa hivyo, hakifunguki mpaka kioze. Mke wangu alikuja akasimama kando yangu.

"Mchoro unasema boliti."

"Mchoro sikuchora mimi."

"Sawa, lakini kule..."

"Kule wapi? Mwezi mzima umenyamaza. Endelea kunyamaza."

Akaweka msasa chini, akaondoka. Siku iliyofuata alirudi akapiga vanishi, mipako mitatu kama kawaida, bila neno.

Siku tatu kabla ya kikao mwenyekiti wa halmashauri alikuja na mhandisi wake. Lori liliwasubiri barabarani. Mwenyekiti ni mtu wa mwili. Kwenye kona ya korido ilibidi apite ubavu, tumbo limevutwa ndani, na mhandisi anamsukuma kwa heshima.

"Meza nzuri," akasema alipopata pumzi. "Itoeni."

"Itokee wapi, mheshimiwa?"

"Si kuna mlango ule?"

Nikaufungua ule mlango mkubwa, mbawa zote mbili. Ukuta wa tofali ulikuwa pale, uso kwa uso naye.

"Njia ilikuwa hapa," nikasema. "Mmeiuza."

Mhandisi alikunjua mchoro, akachungulia chini ya meza. "Hii ilitakiwa ifungwe kwa boliti."

"Boliti zilikosekana."

"Zikosekane wapi, na duka la vifaa liko nyuma ya ukuta huu?"

"Mwenye duka alikuwa anajenga."

Akamgeukia mke wangu. "Mama, ni kweli?"

Mke wangu aliitazama droo. Kisha akanitazama mimi. "Hazikupatikana," akasema.

"Basi ikate," mwenyekiti akasema.

"Nikiikata hapa si meza tena, mheshimiwa, ni kuni. Tena ni kuni za kodi ya wananchi, na mgeni wenu wa kufungua ukumbi anakuja Ijumaa."

Alijifuta jasho, akaagiza Misumari aitwe. Misumari alikuja na tabasamu, akaambiwa avunje. Akatoa karatasi yake yenye muhuri. Mhandisi akaisoma, akagundua kwamba pale ilipaswa kuachwa nafasi ya mtaro, kitu ambacho wote walikuwa wamekisahau siku ya kupokea pesa. Watu wawili, wamesimama kwenye maranda yangu, walibatilisha mauzo kwa dakika tano. Rufaa yangu ingengoja mwaka.

"Shemeji," Misumari akaniambia kwa sauti ya chini, "tulizungumze kifamilia."

"Kifamilia ungekuja kabla ya tofali la kwanza. Kata nusu, shemeji. Si una nyundo?"

Mafundi wake walewale walicheka. Fundi wa kibarua hachagui upande, anacheka na aliyeshinda. Walivunja tofali moja moja na mimi nilileta kiti, nikakaa, nikatazama. Sitasema uongo: nilifurahi. Kila tofali likianguka nilisikia utamu mdomoni. Misumari alisimama juani, kofia imejaa vumbi, na sikumpa hata maji.

Nilipoingia ndani, mke wangu alikuwa anafunga begi.

"Nilinyamaza kwa ajili ya kaka yangu," akasema. "Leo nimesema uongo kwa ajili yako. Kila mmoja amepata fungu lake, sasa niacheni."

"Unakwenda wapi?"

"Kwa dada."

"Hasira zikiisha utarudi."

"Zako au zangu?"

Sikumzuia. Wanaume kumi na wawili walikuwa wananisubiri nje na meza.

Ilitoka kichochoroni vizuri kabisa, haikugusa ukingo. Watu walisimama kutazama ikipanda lori. Tukafika halmashauri. Ukumbi mpya uko ghorofa ya kwanza. Wabebaji walipanda ngazi sita, saba, nane, wakafika pale ngazi zinapogeuka, na meza ikagota ukutani. Wakaiinamisha, ikagota darini. Wakaishusha, wakaisimamisha wima, wakaigeuza miguu mbele. Rangi ya ukuta ilibanduka, mmoja akabanwa kidole. Madirisha ya ukumbi yana nondo.

Mhandisi alinijia polepole, mchoro kwapani.

"Fundi, unajua kwa nini tuliandika boliti?"

Nilijua, ila hasira zilinisahaulisha. Ngazi zile nilizipima mwenyewe miezi minne nyuma, na futi yangu, na mke wangu ameshika ncha ya pili. Huko ndiko "kule" alikotaka kuniambia, nikamfunga mdomo.

Mwenyekiti hakupiga kelele. "Ikate," akasema, kama vile mtu anavyoagiza chai.

Msumeno wangu ulikuwa nyumbani. Watu walikuwa wamejaa chini ya ngazi, na katikati yao akatoka Misumari, vumbi la tofali bado liko kwenye nyusi. Alikuwa na msumeno mpya wa dukani kwake, karatasi ya bei bado imening'inia. Nilimngoja aseme lile neno lake. Hakulisema. Alininyooshea mpini tu, akarudi nyuma, akapata mahali pazuri pa kutazama.

Nilikata pale chini mapokezini, mbele ya wote, nimepiga magoti. Mvule mgumu unalia ukikatwa. Nilikata mara mbili, vikawa vipande vitatu, palepale mchoro ulipotaka.

Waliiunga kwa mabamba ya chuma, wakatandika kitambaa, mgeni hakujua kitu. Bajeti ilipita.

Imenigharimu hivi. Nusu ya pili ya malipo ya meza halmashauri haikunipa, na kazi za halmashauri sipewi tena. Rangi ya ngazi zao nililipia mimi, na kidole cha yule mbebaji pia. Ukuta wa shemeji ulikuwa na tofali mia sita na arobaini, hasara ni yake, lakini hatusalimiani, na watoto wangu wakimwona mjomba wao barabarani wananitazama kwanza. Kichochoro kiko wazi, futi zote tisa. Kwa wiki saba nimetoa humo kitanda kimoja, kwa sababu vanishi yangu mwenyewe huwa inafanya mapovu na wateja wanaona. Mke wangu bado yuko kwa dada yake. Boliti ziko kwenye droo, nane, na nati zake nane.