Mama Anamtunza Mtu wa Kwenye TV

Nianze kwa kusema kwamba yule mzungu alikosea. Ukisikiliza kwa makini, katikati ya solo yake ndefu kuna mahali kidole kinateleza na uzi unatoa mkwaruzo. Nimeparudia mara nyingi. Mama yangu hataki kusikia habari hiyo, lakini mimi napiga gitaa tangu sijaota ndevu, na najua ninachokisikia.

Na ni mimi mwenyewe niliyemleta nyumbani. Yunusu, fundi simu wa pale stendi ya Bunda, ndiye aliyenijazia kwenye flashi. Aliniambia ni onyesho la muziki wa roki, limerekodiwa uwanjani, watu wamefurika, na kama nataka kujifunza solo za ukweli nikae nilitazame. Mimi ndiye mpiga solo wa kwaya yetu hapa Kabasa. Hakuna harusi ya maana kati ya Guta na Musoma mjini ambayo sijapiga, na sisemi kwa kujisifu.

Mama alikuwa amekuja kutoka Butiama kwa ajili ya magoti yake. Alikaa kwetu ili awe karibu na hospitali, na mke wangu Hana akampa kile kiti kizuri kinachotazamana na TV. Kwa kawaida nikishika gitaa, Mama hutafuta shughuli. Atakumbuka kuku, au atasema anakwenda kunyoosha miguu, magoti hayohayo yanayomuuma. Kwa hiyo nilipochomeka ile flashi nilijua atatoka.

Hakutoka. Jukwaa lilikuwa limejaa moshi na taa, wanaume wanne wamebanwa na suruali zao, wanapiga vyombo kana kwamba vimewakosea. Yule wa gitaa alikuwa kifua wazi, nywele zimemfika kiunoni, jasho linamchuruzika. Solo ilipofika alipiga magoti, akafumba macho, akainama mpaka sikio likakaribia nyuzi. Mama akaweka kikombe cha chai chini.

"Huyu mtoto wa nani?" akauliza.

"Mzungu tu, Mama. Hata mimi simjui."

"Mbona amekonda hivyo? Anakulaga kweli?"

Tangu siku hiyo nyumba ikawa ya yule mzungu. Nikirudi tu kutoka kazini, hata salamu haijaisha, Mama ananiambia, "Niwekee yule kijana wangu." Kijana wangu. Mimi mwanawe wa kunizaa huniita Mugeta, tena kwa sauti ya kumwita mbuzi aliyeingia shambani. Kwenye sala ya jioni alimwombea asipatwe na homa, kwa vile anakaa kifua wazi kwenye baridi. Nikaona niseme ukweli. Nikairudisha nyuma ile video, nikaisimamisha pale alipokosea, nikamuuliza Mama kama amesikia.

"Nimesikia mtu mwenye wivu," akasema.

Hana akakimbilia jikoni kucheka.

Ndiyo, wivu. Sikatai. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na changu nilikibeba mwenyewe mfukoni. Nilimwonea wivu mtu ambaye hajui kama duniani kuna mji unaitwa Bunda. Nilikuwa namchukia hata viatu vyake.

Huku kwetu, mpiga gitaa akikukuna moyo unainuka, unacheza mpaka pale alipo, unambandika noti kwenye paji la uso. Ndiko kumtunza. Mimi nimetunzwa na watu nisiowajua, nimetunzwa na walevi, nimetunzwa na mzee mmoja wa Mwisenge aliyekuja na magongo. Kwenye harusi ya dada yangu Esta noti zilinijaa usoni mpaka nikawa sioni nyuzi. Mama alikuwa meza ya mbele siku hiyo, mkoba mapajani, na hakuinuka. Nikajiambia ni magoti. Kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikijiambia ni magoti.

Sasa Jumapili moja baada ya misa, akina mama wa jumuiya walikuja kumpa pole ya ugonjwa. Hana alipika samaki, sato, watu wakala. Mama akaniagiza niwawekee wageni kijana wake, nami nikaweka, kwa sababu mtu hawezi kumkatalia mama yake mbele ya wageni. Solo ilipoanza, Mama akashika mkono wa kiti akainuka. Aliinuka na magoti yale yale. Akaanza kutikisa mabega taratibu, akasogea mpaka kwenye TV, akafungua fundo la kitenge, akatoa noti, akailamba kidogo na kuibandika kwenye kioo, pajini kabisa mwa yule mzungu. Wala siyo elfu moja. Elfu kumi.

Akina mama wakapiga vigelegele. Picha ikabadilika, akatokea mpiga ngoma, noti ikawa imemkaa tumboni. Mama akabaki amesimama pale pale akicheza, akingoja kijana wake arudi ili amhamishie noti.

Nikachomoa waya ukutani.

"Mama," nikasema, "kwa Esta ulikaa. Siku ya sherehe ya parokia ulikaa. Kila mahali ninapopiga unakaa. Huyu hakuoni, hakusikii, na hata hiyo hela haimfikii. Mimi mwanao nimekukosea nini?"

Mama Getruda, mwenyekiti wa jumuiya, akaanza kuichambua miiba ya samaki iliyobaki kwenye sahani yake. Mama hakukasirika. Alibandua noti yake kwenye kioo, akarudi kitini, akajishusha kwa shida.

"Mugeta," akasema, "huyu akipigaga anafumba macho. Hajui kama mimi niko, basi nakuwa huru, nainuka. Wewe ukipigaga unaniangalia mimi. Kwa Esta watu wote wanacheza, bibi harusi anacheza, wewe macho kwangu tu, kama mtu amekuja kudai. Tangu ukiwa mdogo uko hivyo. Unakuwaga unaniuliza, unaniuliza, mpaka gitaa lenyewe silisikii. Sasa mtu atainukaje?"

Nilitaka kubisha. Nilimtazama Hana anitetee, lakini Hana alikuwa anakusanya sahani ambazo wenyewe walikuwa hawajamaliza kula.

"Haya," nikasema. "Ngoja."

Nikachukua gitaa langu, nikachomeka spika pale nilipochomoa TV, nikakaa kwenye stuli katikati ya sebule. Nikafumba macho. Mwanzoni niliona aibu tu, nikapapasa nyuzi kama mwanafunzi. Halafu vidole vikaanza kwenda vyenyewe. Nikaacha wimbo nilioanza nao, nikaingia njia ambayo sikuwahi kuipita, na mkono ukawa mwepesi, na kwa muda fulani, sijui mrefu kiasi gani, sikumfikiria mzungu wala harusi ya Esta wala mtu yeyote. Mmoja wa akina mama akaanza kupiga makofi polepole. Mwingine akasema "ee Baba" kwa sauti ya chini. Nilikuwa sijawahi kupiga namna ile, na nilijua.

Kisha nikasikia kiti kikilia, kile cha mbele ya TV. Nikasikia mtu anakusanya kitenge chake na kuguna, vile watu wenye magoti mabovu wanavyoguna wakianza kuinuka.

Nikafungua jicho moja.

Mama alikuwa ameshainuka nusu, mkono mmoja kwenye kiti, mwingine umeshika noti. Tukatazamana. Alinitazama hivyo kidogo, akatikisa kichwa, akakaa.