Mashine Isiyotakiwa Kuzimwa
...na kwa nini iwe Iringa, eti kwa nini, aliwaza Vasanti, huku Dastan, fundi wa kompyuta aliyeletwa na Mitesh, akimsomea karatasi ya masharti, "kumbukumbu gigabaiti nane, mama, anwani ya mtandao isiyobadilika, jina la mashine lisibadilishwe," naam, lisibadilishwe, maana leseni ya programu ya ramani ikishafungwa kwenye hiyo seva, hiyo mashine kuu, ndiyo basi, kompyuta zote za ofisi hii ya upimaji hapa Iyunga, Mbeya, zitakuwa zinaipigia hodi kila asubuhi kuomba ruhusa ya kufungua ramani, na seva yenyewe iko wapi, iko Iringa, kwa Mitesh, mtoto wa shemeji yake, anayecheka sana siku hizi kwenye simu... yeye si mtoto wa jana, ofisi hii waliijenga na marehemu mumewe Arvind tangu enzi za kuchora kwa wino, leo mtu akae Iringa achomoe waya, Mbeya wabaki kukodolea macho vioo vyeusi, thubutu! "Saa ya mashine iwe sahihi," anasema huyu, maneno matamu, hata Ezron alikuwa nayo, fundi wao wa kwanza, mpole, mikono nyuma akizungumza, kumbe kikulacho ki nguoni mwako, mashine mbili za kutunzia ramani, zile zinazoachwa zikiwaka, zilikufa mikononi mwake mwaka jana, jioni ni nzima, asubuhi haiwaki, na kila ikifa anaitwa yeye, analipwa yeye, sasa hapo mtu mzima haelewi? alimfukuza mbele ya wenzake, akamwita mhujumu, naye baadaye mlangoni, wamebaki wawili tu, akasema, "mama, hii mashine inazimwa vibaya," akainama akafunga begi lake, na Vasanti moyoni, huyo, anatafuta wa kumsingizia... "Na hili ndilo kubwa," Dastan alisema, "iwake usiku na mchana, umeme usikatwe ghafla, ukikatwa ghafla mara kwa mara diski inakufa, ndiyo maana bwana Mitesh anasema afadhali Iringa. Hapa jioni huwa mnazimaje, mama?" Mnazimaje, swali gani hilo, na mkono wake ulikuwa umeshaingia kwenye mkoba, umeshika ufunguo wa kisanduku cha swichi kubwa, anaotembea nao tangu duka la baba mkwe liungue Rujewa kwa hitilafu ya waya, Arvind alimwapisha, usiache umeme kwenye nyumba tupu, basi miaka ishirini sasa, wafanyakazi wakishatoka, anagusa picha ya mungu Ganesh, anafungua kisanduku, tak, anakwenda zake nyumbani roho kwatu... tak... kila jioni, na mashine huko ndani katikati ya kazi yake... la hasha, Mitesh amempanga huyu aseme hivyo, amempanga, lakini Mitesh angejuaje maneno ya Ezron, yalisemwa hapa hapa mlangoni, akayasikia yeye peke yake, hakumwambia mtu... hee Bhagwan, Mungu wangu, ni mimi, mtoto wa watu hakugusa kitu, na walisema yuko Ruaha Mbuyuni, anapakia vitunguu kwenye malori, fundi yule, kwa jina la mhujumu hakuna ofisi Mbeya iliyomtaka... "Mama?" Dastan alikuwa bado ameinua kalamu juu ya karatasi, "huwa mnazimaje?" naye Vasanti akatoa simu badala ya ufunguo, akaitafuta namba ya Ezron, akapanda, akashuka kwenye orodha ya majina, mpaka akakumbuka kwamba aliifuta siku ile ile aliyomfukuza, kwa kidole chake mwenyewe.