Ukuta wa Paa

…na kuta za paa sentimita arobaini, kama awamu ya kwanza, anasoma Bahmed, kidole kikitambaa juu ya mchoro, nyumba themanini, imebaki saini yako tu, na Nouh, msanifu wa mtaa, kalamu ameishika lakini masikio yake yamekwama kwenye ile arobaini, mbona ilikuwa nyepesi siku alipoiandika… mbele yake Baya ameinua birika juu na anaanza kumimina chai kwenye glasi ya kwanza, Baya mke wa Bahmed, Baya aliyenyonya na Nouh ziwa moja, ziwa la Mamma Mennana, na nyumba hii waliyokaa ilikuwa ya Mamma, ya kwanza kujengwa katika mtaa mpya, mpaka alipozikwa mwezi wa Agosti. Nyumba nzuri, asiseme mtu si nzuri, mawe ya bondeni hapa hapa, kuta nene, chokaa iliyopigwa kwa vikonyo vya mtende ili mikwaruzo yake ijitilie kivuli yenyewe, vichochoro vyembamba visivyoruhusu jua kukaa, yote Nouh aliyachukua kwa wazee wa Ghardaïa na wazee wakamsifu, wageni wakaja toka Algiers kupiga picha, ila ukuta wa paa hakuuchukua. Katika mji wa kale ukuta ule humpita mtu kimo, kwa sababu kiangazi paa ni la wanawake, vitanda hupandishwa juu, na mwanamume akikwea mtende kuchavusha hupiga ukelele kwanza ili wajisitiri, hilo Nouh alilijua kabla ya kujua kusoma… lakini ukuta mrefu ulitia kivuli paneli za sola, kompyuta ikamwambia asilimia kumi na nne ya umeme inapotea, naye akaukata, hakuna aliyemlazimisha. Siku ya msaragambo Mamma alipanda juu, chokaa imemfika viwikoni, akasimama ukutani na ukuta ukamgusa magoti, Nouh mwanangu, umeishiwa mawe? Nouh akacheka, ndiyo, alicheka, utalala chini Mamma, kuna kiyoyozi, jua lenyewe litakupulizia baridi. Jua linipulizie baridi? Haya, nyinyi ndio mliosoma. Na lile neno haya la Mamma yeye akalifanya ridhaa… majuto mjukuu, husema watu, huja baadaye, ila majuto yake Nouh yalisimama naye pale pale juu ya paa na yeye akayapita. Shemeji, anasema Bahmed, wazee wa halmashauri wanangoja, na Nouh anaitikia hm, hm… Agosti umeme ulikatika siku tatu, na paneli zikazimika pamoja nao, ndivyo zilivyofungwa, gridi ikizima nazo huzima, hilo pia alilijua, na mawe yaliyokunywa jua mchana kutwa yakalitema ndani usiku, kama yalivyofanya siku zote, kwani watu wa kale walikuwa wakihamia juu kwa nini? Kati ya paneli nafasi ilikuwepo, kitanda kingeenea. Tulimwambia apande, kaka, alisema Baya siku ya mazishi, tukambembeleza, akasema nipande nionekane na kila mwanamume wa mtaa? Miaka themanini sijavuliwa stara, nivuliwe leo? Akalowesha shuka akajifunika, hadi usiku wa pili… na Nouh yuko Oran, kwenye mkutano, anawaonyesha watu picha za nyumba hii hii. Daktari aliandika uzee, majirani wakasema kazi ya Mungu, naye akapokea pole zao kwa mikono miwili, huyu, pole za mtu aliyemuua mwenyewe… hapana, ndiyo, aseme tu, aliyemuua kwa ukuta. Shemeji, umesinzia? Mwache, bwana, anasema Baya bila kuinua macho, anaitazama kazi yake, na Nouh anautafuta mshale katika sauti ile, anautafuta na usoni pake, haupo, na kutokuwepo kwake kunamuuma zaidi. Miezi hii yote ameikwepa nyumba hii, ametuma tende, ametuma salamu, ametuma visingizio, akijiambia ni msiba, hawezi kuingia asimkute Mamma, kumbe woga tu, alimwogopa Baya asije akamuuliza, ukuta ule ni nani aliyeukata? Na sasa amekaa mbele yake na anaona hatauliza, si leo wala kesho, kwa kuwa jibu analo tangu usiku ule alipokuwa akiikamua ile shuka, na bado ameweka maji jikoni kwa ajili yake, na bado anamwita kaka. Hatauliza. Basi itabidi amwambie mwenyewe, hapa, mumewe akisikia, kabla ya saini yoyote, na Bahmed bado ameweka kidole kwenye mchoro, na glasi ya kwanza haijajaa.