Subaru ya Gozbert Inaongezwa Nguvu

...na usiguse ufunguo, shemeji, umeme ukikatika kabla kompyuta ya injini haijamaliza kuandikwa upya hapo gari inabaki bati tu, ndivyo alivyosema fundi Riyadhi, na Kemilembe kwenye kiti cha dereva akautazama ufunguo, waya ukitoka chini ya dashibodi hadi kwenye laptopu ya fundi, na mumewe Gozbert kule ng'ambo ya barabara, kwenye maduka ya Miembeni, anawacheka wanaonunua magari wakayaacha yalivyotoka kiwandani, nguvu, anataka nguvu, Jumamosi amshinde rafiki yake Mwesiga mpaka Muleba, leo spidi imekuwa tamu, siku ile je... siku ile wanatoka Ngenge, mtoto anakuja kabla ya siku zake, damu inamchuruzika miguuni, naye Gozbert kwanza akaenda kutafuta kiroba cha pumba akitandike kitini, kiti kisichafuke, kisha akaendesha kama amebeba mayai, "Vumilia, mawe yatapasua sampo, oili imwagike," mawe, Mungu wangu, mawe, na mtoto alikuwa wa kiume, vidole vyote anavyo, na baba yake yuko nje ya hospitali anafuta vumbi kwenye taa... akiuzungusha huu ufunguo, kidogo tu, kompyuta inakufa, na Gozbert ambaye hakulia kaburini kwa mwanawe atalia leo mbele ya watu, atalilia Subaru, loo, hilo angelitazama mpaka jioni, kidole kimoja tu... shemeji, unanisikia, Riyadhi amechuchumaa kwenye gurudumu la mbele, anasema nini huyu, anasema breki, pedi zimeisha, chuma kinakwangua chuma, gari yenye nguvu hizi isithubutu kushuka kwenda Kemondo kabla hazijabadilishwa, yeye anawahi msikitini, mzee akirudi aambiwe, nikikuambia wewe ni kama nimemwambia yeye.

"Nitamwambia," akasema, kwa sauti ya mke mwema iliyomshangaza hata mwenyewe, maana kidole kilishaondoka kwenye ufunguo, kuua kompyuta kumbe ni utoto, kompyuta hununuliwa nyingine, acha iandikwe mpaka mwisho, apewe nguvu zote anazozitaka, Kemondo pana mteremko mzuri, pana na watoto wanaovuka na ndoo za samaki... hapana, hao asiwafikirie, barabara ni pana, Gozbert atakuwa peke yake, yeye Kemilembe Jumamosi ana mazoezi ya kwaya, usharika mzima utamwona akiimba, na wakija kumwambia atakaa chini, atalia vizuri, kulia anajua, alijifunza peke yake... Gozbert huyo anavuka barabara, anatafuna senene wa kukaanga, anainama dirishani, anauliza fundi amesemaje. Kwenye laptopu maandishi bado yanatembea. Kemilembe akaitazama shingo ya mumewe, shingo nene aliyokuwa akiipenda, akahisi huruma inamjia, akaingoja ipite, ikapita.

"Amesema itakimbia mpaka ushangae."