Bei ya Delgadillo

Kwa heshima na taadhima, naujulisha ulimwengu kwamba mimi, Winslow Farnham wa Bweni la Kaskazini, ndiye bingwa wa kupima thamani ya wachezaji wa besiboli katika jimbo zima la Vermont. Kwenye ligi yetu nilikuwa wa saba. Tuko wanane.

Wa nane ni Pruitt, ninayelala naye chumba kimoja. Ameburuta mkia miaka miwili, na sheria yetu ni kwamba ukiwa wa mwisho mara tatu unatolewa. Pruitt hana mchezo mwingine duniani.

Timu zetu zinaishi kwenye kompyuta. Inachukua takwimu za kweli za msimu uliopita, kisha inachezesha mechi yenyewe. Ni bahili: mpigaji aliyesimama kupiga mara mia mwaka jana hapewi ya mia na moja.

Pruitt hupima mchezaji kama anayenunua tikiti maji: anagonga, anasikiliza, anatabasamu. Anachojua ni wastani wa kupiga, basi. Nikamchapia orodha, safu ya mara walizosimama kupiga nikaifuta, nikamwonyesha Delgadillo wangu, mwenye wastani mkubwa kuliko wote. Akamchukua, naye akanipa Kosinski, mrushaji wake pekee wa maana. Huruma sikuwa nayo.

Jumapili, Honora Biddle, mwenyekiti wetu, alisoma mabadilishano yote mbele ya ligi. Mwenye pingamizi hulitoa hapo hapo. Hakuna aliyepinga, ilibaki Honora agonge meza tu kuyapitisha.

Pruitt akashindwa kunyamaza. "Jamani, mpeni pole Farnham. Nimemchukulia Delgadillo mchana kweupe, na bado anachekelea."

Wakacheka. Wakanicheka mimi, kwa sababu ya Pruitt.

"We Pruitt," nikasema, "huyo mwaka mzima alisimama kupiga mara thelathini na moja. Wiki ya tatu atakuwa anakupashia benchi joto. Hesabu huna, ndugu yangu."

Pruitt akatoa orodha mfukoni, akaikagua juu hadi chini. "Mbona hapa haimo?"

Honora akaichukua. "Nani alichapa hii?"

"Mimi."

"Na safu ya mara walizosimama kupiga iko wapi, Farnham?"

Kalamu yake ilikuwa tayari inalikata jina la Kosinski kwenye timu yangu.

"Niliifuta," nikasema. "Ningeiacha, hata Pruitt angeiona."