Mlango wa Hidaya Unaotokea Gasorwe

Kitu cha kwanza Hidaya alichokiona ni viatu. Jozi nne zilikuwa zimepangwa nje ya mlango wake, mtaani Nyamugari, jinsi wateja walivyozoea kuvivua kabla ya kuingia kununua sabuni. Ndani hakukuwa na mteja hata mmoja.

Alikaa kwenye mkeka, akasubiri. Mtu akabisha hodi, akavua viatu, akasukuma mlango. Hakutokea ndani. Jozi zikawa tano.

Mdogo wake, Mahmudu, ndiye aliyeipata sababu kwenye simu.

"Dada, kuna mtu wa Muyinga, anaitwa Crispin. Ameandikisha jina lako kwa intaneti. Sabuni ya Hidaya, vile vile, na muhuri wako juu. Adresi iko yake. Sasa mlango nao unafuata adresi."

"Mlango wangu?"

"We ulitaka ufuate nini?"

Ikawa hivyo. Kila aliyevuka kizingiti cha Hidaya alitokea dukani kwa Crispin, kilimani Gasorwe huko Muyinga, pekupeku, nusu siku kwa basi kutoka nyumbani kwake. Kwa kuwa alikwisha kufika, alinunua sabuni ya Crispin, yenye jina la Hidaya na isiyotoa povu, kisha akaenda kutafuta basi la kurudi. Hidaya alianza kuingia na kutoka kwa dirisha.

Majirani hawakulalamika. Paskazia wa mtaa wa Magarama, ambaye binti yake ameolewa Gasorwe, alikuja na kapu la maharage kichwani.

"Mi sikuja kununua, mwanangu. Napita tu."

"Pita, mama," alisema Hidaya, akamshikia mlango. Alikuwa mtu wa haya sana.

Cheti cha alama ya biashara alikuwa nacho, amekihifadhi ndani ya plastiki. Shule aliiachia darasa la nne, kwa hiyo barua ya malalamiko aliiandika Mahmudu. Baada ya miezi miwili ofisi iliyotoa cheti ilimtuma afisa kuchunguza. Alikuwa mtu mzima, amevaa koti na tai. Hidaya alimwona kupitia dirishani akiinama kufungua kamba za viatu. Alitaka kumwambia apande dirisha. Akaona haya.

Ripoti ilifika Ijumaa: "Nimeingia kwa mlalamikaji kwa mlango wake mwenyewe. Nimekuta duka, jina na sabuni. Mwanamume aliyenipokea ana adabu. Hakuna udanganyifu." Chini yake palikuwa na sahihi na muhuri.

"Ungemwambia!" Mahmudu alifoka.

"Nimwambie mtu mwenye tai aparamie dirisha?"

Mahmudu alifikiri, akakubali kwamba lilikuwa gumu.

Sabuni za Hidaya zilijaa hadi chini ya kitanda. Mawese ya kupikia sabuni aliacha kununua, na sufuria kubwa ikaanza kushika kutu. Jumatatu asubuhi alijifunga ushungi, akatoka kwa dirisha, akazunguka hadi mbele na kuusukuma mlango wake kama mteja.

Gasorwe kulikuwa na baridi. Dukani watu saba walikuwa kwenye mstari, watano wakiwa wa Nyamugari. Walimsalimu vizuri, wakamwonyesha mwisho wa mstari. Ripoti ya afisa ilikuwa ukutani, ndani ya kioo.

Crispin alikulia Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka.

"Karibu sana, dada. Mteja wa Hidaya ni mgeni wangu. Nikuandike nani?"

"Hidaya."

"Kama sabuni! Umebahatika."

Alimfungia kipande kwenye gazeti, akamkabidhi kwa mikono miwili, akamwita anayefuata. Anayefuata alikuwa Paskazia, aliyetoka kumtembelea binti yake.

"Sogea basi, mwanangu, basi litaniacha."

Hidaya hakusogea.

"Wewe ni mwizi, kaka," alisema, kwa sauti iliyofika hadi barabarani. "Hidaya ni mimi, na jina langu sikukupa."